Nani Abishe Hodi Kwanza

Kajiru alikuwa hai. Hilo Naelijwa alilijua kabla hajaweka kikapu chini, kwa sababu taa ya kijani juu ya kabati lake ilikuwa inapumua taratibu, na ndani ya kibanda mlikuwa na lile joto la mtambo unaofanya kazi. Nje, ndiva ya Kwasengo, bwawa la kijiji cha juu, ilikuwa na maji mpaka kwenye alama ya pili ya ukuta. Maji yalikuwepo, lango lilikuwepo, na bomba kubwa la kushuka Mkanyeni lilikuwepo. Ila lango lilikuwa limegoma kufunguka.

Alivuta kigoda, akakaa, akachukua redio koli.

"Mkanyeni, Mkanyeni. Shemeji, upo?"

"Nipo, nitakuwa wapi? Kwani nina maji ya kuogea nikatembee?"

Huyo alikuwa Elihaki, fundi wa mtambo wa Mkanyeni, kijiji cha chini. Ndiye aliyemwoa Nambike, mdogo wake Naelijwa, na tangu siku ya harusi hakuna mwezi uliopita bila wao wawili kutaniana.

"Ndiyo maana redio inanuka," Naelijwa akasema.

"Hiyo ni harufu ya uchoyo wenu, shemeji. Mmeyaatamia maji kama kuku. Mnangoja yaanguliwe?"

"Aliyeyaatamia ni Kajiru. Sikiliza, tuanze mwanzo, pole pole. Mpigie mluzi."

Kupiga mluzi ni mtambo mmoja kutuma mlio mfupi usio na maneno. Mwenzake, kama yu hai na njia ni nzima, huurudisha vile vile. Haulizi jambo wala haujibu jambo. Unasema tu: nipo.

"Umerudi," Elihaki akasema.

"Na wangu umerudi. Basi waya ni mzima, fuko hajaukata. Nisomee anwani ya Kajiru uliyonayo huko."

Elihaki akaisoma, na Naelijwa akaifuata kwa kidole kwenye kioo. Ilikuwa sawasawa. Alikuwa ameihofia sana anwani, maana Kajiru huyu alikuwa mgeni. Kajiru wa kwanza alikuwa mtambo wa chuma, uliofungwa na mafundi wa bondeni zamani, na radi ilimuua masika yalipoanza. Huyu wa sasa bongo lake lilikuwa la kioo, la aina nyingine kabisa, na Nakiete wa Mkanyeni naye alikuwa wa aina yake. Mitambo ya aina mbalimbali ni kama watu wa makabila mbalimbali. Wataelewana, lakini lazima kwanza wakubaliane waongee lugha gani na wakutane wapi.

"Mlango je?"

Kwa maana anwani peke yake haitoshi. Mtambo ni nyumba yenye milango mingi: mmoja wa habari za mvua, mmoja wa saa, mmoja wa maji. Ukibisha kwenye mlango usio wako utabisha mpaka mkono uvimbe, na wenyewe wamo ndani.

"Mlango wa maji, ule ule," Elihaki akasema. "Sikuugusa."

"Basi ni mlinzi. Hii mitambo mipya inakuja na mlinzi mkali, kila mtu kwake ni mwizi."

Akamwondoa mlinzi mlangoni kwa muda, akaweka mkono shavuni, akangoja. Taa ya kijani iliendelea kupumua. Kioo kilikaa kimya.

"Nimemwondoa. Tazama kama Nakiete anabisha."

Elihaki alichukua muda. Kisha sauti yake ikarudi, na utani ulikuwa umepungua ndani yake.

"Shemeji, Nakiete habishi. Mlango wa maji ameufungua, amekaa, anasikiliza."

Naelijwa akakitazama kioo chake tena, kana kwamba kingebadilika.

"Huku nako Kajiru ameufungua mlango wa maji. Amekaa. Anasikiliza."

"Wote wenyeji?"

"Wote wenyeji. Hakuna mgeni."

"Wamebandika chai, kila mmoja anangoja mwenzake abishe hodi."

"Na hiyo chai nyie hamna maji ya kuibandika," Naelijwa akasema, lakini hawakucheka.

Mazungumzo ya mitambo huanza kwa maneno matatu. Wa kwanza husema hodi. Wa pili husema karibu. Wa kwanza husema nimeingia. Maneno hayo yasipopita, hata neno moja la kazi halipiti. Na lango la Kwasengo halikuweza kufunguliwa kwa mkono. Bomba lile linashuka mlima mzima, na maji yakifika chini yana nguvu ya kung'oa mti. Lazima vali za chini zifunguke kwa zamu maji yakiwa bado njiani, na mitambo iwe inaambizana bila kupumzika: nimetoa kiasi hiki, nimepokea kiasi hiki, punguza, ongeza. Kabla ya mitambo watu walifungua kwa mkono, wakapigiana filimbi juu na chini. Siku moja filimbi ilichelewa. Chemba ya Mkanyeni ikapasuka, ikamchukua mzee Mbonea na banda lake la mbuzi. Baada ya mazishi vijiji vyote viwili vilipanda mpaka kwenye lango, na mpini ukakatwa kwa msumeno watu wakitazama.

"Ndiva yenu ikoje leo?" Naelijwa akauliza.

"Ndiva gani? Ni tope. Ng'ombe wanalamba kingo."

* * *

"Tuwaulize wenyewe," Naelijwa akasema. "Wewe muulize wako, nami nimuulize wangu."

Elihaki akaisogeza redio karibu na mtambo wake ili Naelijwa asikie.

"Nakiete, mbona humwiti Kajiru wa Kwasengo?"

"Kajiru alikufa," Nakiete akajibu. Sauti yake ilikuwa ya kike, tulivu, ya mtu asiyekurupuka. "Nilimwita, hakuitika. Nikaendelea kumwita siku zote za matanga, hakuitika. Nikaanua tanga. Sasa mimi ndiye mkubwa kwenye mteremko huu. Nasubiri wadogo waniamkie."

Naelijwa akafumba macho kidogo. Kisha akamgeukia wa kwake.

"Na wewe, Kajiru? Mbona humwiti Nakiete?"

"Nakiete ni mdogo wangu," Kajiru akasema. "Namsubiri aniamkie."

Kwenye redio, Elihaki akaguna.

"Haya. Nani kamwambia huyo mtoto wa juzi kwamba yeye ni mzee?"

"Sisi," Naelijwa akasema.

Mitambo ilipowekwa mara ya kwanza, wazee wa vijiji viwili walikaa na mafundi kuweka sheria. Mafundi waliuliza: wakitaka kuongea, nani aanze? Wakianza wote kwa pamoja watagongana mlangoni. Wazee wakashangaa kuulizwa jambo kama hilo. Mdogo ndiye huamkia, mkubwa huitikia, wapi duniani si hivyo? Basi ikawekwa hivyo, kwamba mtambo mdogo ubishe na mkubwa usikilize. Na kwa kuwa mkubwa ana heshima yake, wakaongeza jambo la pili: kiangazi kikizidi na maji yasitoshe ndiva zote, ya mkubwa inywe kwanza. Sheria ikapigwa mihuri ya kamati mbili, na kuibadilisha kunahitaji kamati zote mbili zikubali.

Kajiru wa kwanza alikuwa mkubwa. Alipouawa na radi na wa kioo akaletwa, Kwasengo walifanya kama wanavyofanya mtoto wa kiume akizaliwa baada ya babu yake kuondoka. Walimpa jina. Mwenyekiti alichinja mbuzi, watu wakala, na Naelijwa, fundi wao, akaambiwa amwandikie mtambo mpya siku ya kuzaliwa ya yule wa zamani. Aliiandika. Hakuna aliyeona ubaya, naye hakuona. Ilikuwa masika, maji yalikuwa yanafurika ndiva zote yenyewe, na mitambo haikuwa na sababu ya kuongea. Kiu ndiyo iliyowafanya waitane.

"Kwa hiyo," Elihaki akasema, "nyie mlimfufua na sisi tulimzika."

"Ndiyo hivyo."

"Mwambie basi babu yako ainuke aje amwamkie bibi yangu."

"Shemeji, akishamwamkia, amekuwa mdogo. Na vuli haikunyesha."

Elihaki alikuwa ameelewa.

* * *

Mzee Senzota, mwenyekiti wa kamati ya ndiva, ambaye pia alikuwa baba mkwe wake Naelijwa, alikuwa ndani ya mfereji hadi magotini pamoja na wanaume wengine, wanatoa tope. Ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, na siku ya msaragambo hata mwenyekiti hushika jembe.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Kajiru kafungua?"

"Hajafungua. Nimeshajua sababu."

Alimweleza pale pale, wengine wakisikia, maana jambo lenyewe lilikuwa la wote. Mzee Senzota alisikiliza huku anajifuta mikono kwa majani ya mgomba.

"Kwa hiyo wale wametuzikia mtambo wetu bila kutuuliza."

"Ulikufa kweli, Baba."

"Ulikufa, sawa. Si tumepata mwingine? Si tumempa jina? Mbuzi nilimchinja mimi kwa mkono huu. Hebu niambie, yule mjukuu wangu Kadiva nikikutana naye asubuhi namwambiaje?"

"Unamwambia shikamoo baba, kwa kuwa ana jina la baba yako."

"Ni uongo huo?"

"Si uongo."

"Sasa?"

"Sasa Kadiva unamwamkia, halafu unamfuta kamasi. Siku ya kugawa mashamba humwiti aje akugawie. Sisi tunajua heshima inaishia wapi na umri unaanzia wapi. Kajiru hajui. Tulimwambia yeye ni mzee, akaamini."

Mtu mmoja mferejini akaangua kicheko. "Mkweo kakushika, Mwenyekiti!"

"Toa tope wewe!" Mzee Senzota akasema bila kugeuka. Alitoka mferejini, akamvuta Naelijwa mpaka kwenye migomba, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya nyumbani.

"Muhuri wa marehemu ninao. Uko darini, haukuungua wote."

Naelijwa aliuelewa muhuri huo kabla hajamaliza kutajiwa. Kila mtambo una wake, na neno lisilo na muhuri halisikilizwi. Mwenye muhuri wa Kajiru wa kwanza angeweza kumpelekea Nakiete neno moja tu: sikufa, nilikuwa mgonjwa. Nakiete angeamini, angerudi kwenye udogo wake, angebisha hodi, na Kajiru angemkaribisha. Maji yangeshuka kabla ya jua kuwa kali.

"Maji haya hayatoshi ndiva mbili mpaka masika," Mzee Senzota akasema. "Wewe unajua kuliko mimi. Ukimfanya Kajiru mtoto, umetufanya sote watoto mpaka Nakiete afe, na mitambo ya siku hizi haifi ovyo. Maharage ya mama yako yametoa maua juzi. Nyumba yetu itakula wapi, Naelijwa? Kwa mdogo wako?"

Yote yalikuwa kweli. Mzee alikwenda nyumbani, akarudi na kitu kidogo kilichofungwa kwenye kitambaa, akamtia mkononi.

"Sikulazimishi," akasema, kwa sauti ya mtu anayelazimisha.

* * *

Naelijwa aliporudi kibandani, redio ilikuwa inamwita. Hakuwa Elihaki.

"Dada, ni mimi."

"Nambike! Hamjambo huko?"

"Tuwe hatujambo kwa nini? Asubuhi nimekamua tope kwa kanga nipate maji ya uji. Mume wangu kanieleza. Muhuri wa marehemu upo?"

Habari za Kwasengo zilikuwa zimeshashuka mlima. Hizo hazikuhitaji bomba.

"Upo. Ninao mkononi."

"Basi utie. Mwambie huyu bibi wa kabatini kwamba Kajiru hakufa."

"Nambike, nikiutia, kiangazi hiki chote sisi ndio tutakaokunywa kwanza. Na kijacho. Tangawizi yako itakauka na hutajua kwamba zamu ilikuwa yako."

"Itakauka baadaye. Hii ninayoitazama inakauka leo. Mimi ukubwa sili, dada. Nataka maji."

"Nimekusikia."

"Umenisikia au umenielewa?"

"Vyote."

Redio ikakwaruza, ikabadilisha mkono.

"Shemeji," Elihaki akasema, "mimi hapo sikusikia kitu. Nilikuwa nje najisaidia."

"Ulitoka na redio?"

"Nilitoka nayo, lakini niliielekeza kwingine."

Mara hii Naelijwa alicheka kidogo. Kisha akaizima redio, akaufungua muhuri. Ulikuwa kama kokoto nyeusi, umebabuka upande mmoja. Kwenye kabati la Kajiru palikuwa na tundu lake, limekaa wazi. Kila aliyekuwa na haki ya kulalamika alikuwa amemwambia autie. Baba mkwe amesema utie. Mdogo wake, ambaye ndiye angedhulumiwa, amesema utie. Fundi wa upande wa pili amesema hakuona. Uongo ulioombwa na mwenye kudanganywa, ulikuwa bado uongo? Alikaa nalo swali hilo muda mrefu, na halikumpa njia.

Basi akafanya anachofanya fundi akikwama. Akaacha kuwaza, akajaribisha.

"Kajiru."

"Naam."

"Mtu akikuletea neno kwamba Nakiete ni mkubwa wako, na neno hilo lina muhuri wa Nakiete, utaamini?"

"Nitaamini."

"Hata kama Nakiete ameshakufa, na muhuri ameuokota mtu?"

Kajiru alifikiri. Mitambo ya kioo hufikiri kwa kupunguza taa.

"Nitajuaje kwamba amekufa, kama muhuri wake unasema?"

"Hutajua."

"Basi nitamwitikia aliyeuokota."

Naelijwa akautazama muhuri mkononi mwake. Kila mwezi ukiandama mitambo huulizana uzima. Huyu marehemu akiitika leo, itabidi mtu aje hapa kila mwezi amwitikie, miaka yote, na akishindwa yeye awe amemfundisha mwingine. Na Nakiete atakuwa amekwisha kujifunza kwamba aliyekufa anaweza kurudi bila kuulizwa alikuwa wapi. Elihaki hatakuwa fundi wa Mkanyeni milele. Atakuja mwingine, asiye shemeji ya mtu, na siku atakayopata muhuri wa mfu wa kwao atautia. Hapo Kwasengo wataita na kuitikiwa, wataita na kuitikiwa, na hakuna atakayejua nani yuko mlangoni. Lango halina mpini. Wote waliishi kwa kuamini kwamba anayesema karibu ni yeye mwenyewe.

Akaufunga muhuri kwenye kitambaa chake, akauweka juu ya dirisha.

"Kajiru, siku yako ya kuzaliwa tulikosea. Naiandika upya."

Akaiandika ile siku ya mbuzi.

Taa ilipungua, ikarudi.

"Kwa hiyo mimi si Kajiru?"

"Wewe ni Kajiru. Umepewa jina. Ila mwenye jina alitangulia."

"Mimi nina umri gani?"

"Hujatimiza mwaka."

"Basi inanibidi niamkie."

"Inakubidi, mwanangu."

Hakujua kwa nini alisema mwanangu. Lilitoka lenyewe.

Kwenye kioo, mlango wa maji wa Kajiru ulijifunga, na hapo hapo Naelijwa akaona neno likitoka. Hodi. Akaiwasha redio kwa haraka, na Elihaki alikuwa tayari anapiga kelele.

"Anabisha! Shemeji, anabisha! Nakiete anamuuliza ni nani!"

"Anasemaje?"

"Anasema ni Kajiru, mtoto, wa nyumba ya marehemu Kajiru, Kwasengo. Nakiete kasema karibu! Kasema pole kwa msiba!"

Nimeingia, kioo kikaonyesha. Chini ya sakafu kitu kizito kikajongea. Lango lilipanda kwa mlio wa chuma kilicholala muda mrefu, na maji yakaingia bombani kama ng'ombe wanaogombea zizi. Kajiru na Nakiete wakaanza kuambizana kwa kasi ambayo jicho halikuweza kufuata: nimetoa, nimepokea, punguza, ongeza. Baada ya muda redio ilijaa vigelegele, na katikati yake sauti ya Nambike ikiita jina la dada yake, kisha ikiwaita watu walete ndoo.

Naelijwa alikuwa bado anasikiliza vigelegele hivyo pale Nakiete alipotoa zamu, kama sheria inavyomtaka mkubwa. Mkanyeni kwanza mpaka ndiva ijae. Kwasengo baadaye. Kajiru aliitikia ndiyo, kwa adabu, akafunga kijilango kinacholisha mfereji wa Kwasengo, ule ule ambao wanaume walikuwa wanautoa tope.

* * *

Mzee Senzota alifika na tope bado liko miguuni, limeanza kukauka.

"Mfereji umekatika maji tukiwa ndani yake," akasema.

"Ndiyo, Baba. Zamu ni ya Mkanyeni."

Akauona muhuri dirishani, katika kitambaa chake, na fundo lilikuwa jipya. Akauchukua, akautia mfukoni.

"Ungeutia, nani angejua?"

"Wangejua wao wawili, Baba. Wangejifunza kwamba wafu huitika. Siku Mkanyeni wakituletea mfu wao, sisi tungewauliza nini?"

Mzee alimtazama Kajiru, mtambo aliouchinjia mbuzi, ukipumua taa yake bila wasiwasi.

"Haiwezi kurudishwa?"

"Nakiete ameshamwona. Mtoto akishaonekana harudi tumboni."

"Hm." Akanyoosha mkono. "Kamati itakaa. Mpaka ikae, nipe ufunguo wa kibanda."

Naelijwa akautoa shingoni, akampa kwa mikono miwili.

"Na kwenye kikao utawaambia wewe," mzee akasema. "Mimi sitasema kwa niaba yako. Sitasema kwa ubaya, wala kwa uzuri."

"Nitawaambia, Baba."

* * *

Jioni alimkuta mama mkwe wake shambani, akiwa na ndoo mbili za maji ya kijito cha nyuma ya migomba. Kijito kile kilikuwa kinatoa maji kama mzee anayetema mate. Maharage yalikuwa na mistari mingi kuliko ndoo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja na mikono mitupu?"

"Nimekuja na mikono."

"Basi inatosha."

Mama mkwe alisimama kiunoni mwa shamba, akalitazama kama mtu anayechagua mbegu. Kisha akaonyesha kwa kidevu.

"Ya huku juu tuyaache."

"Mama, hayo ndiyo yenye maua mengi."

"Ndiyo. Na ndiyo yanayopigwa na jua la mchana. Tutayamwagia na bado yatakufa, tutakuwa tumeyanyima maji haya ya chini. Yaache." Akainama, akang'oa shina moja la juu, akalitazama mizizi, akalilaza juu ya tuta. "Baba yako ameniambia. Sikuulizi."

Wakanyanyua ndoo. Ili kufika kwenye mistari ya bondeni ilibidi wavuke kile kituta kirefu kilichofunika bomba, na walipokikanyaga, ardhi ilikuwa inatetemeka chini ya nyayo zao. Mama mkwe akasimama hapo hapo juu yake, ndoo mkononi.

"Ni yenyewe haya?"

"Ndiyo, Mama."

"Yana haraka."

Akasimama kidogo tena, uso wake ukielekea kule chini maji yalikokuwa yanakwenda.

"Mwambie mdogo wako," akasema, "tangawizi ikikomaa nataka, na sinunui."

"Nitamwambia."

"Na asiniletee zile za vijidole. Alete zilizonona."

Wakashuka mpaka bondeni. Mama mkwe akachukua kikombe, akamwagia shina la kwanza, akangoja udongo unywe, ndipo akaenda kwa la pili. Naelijwa akashika mstari wa pili yake. Ndoo zilipokwisha walikuwa hawajafika hata katikati, wakazichukua, wakapanda tena kijitoni.